Gharama ya Kuchelewa: Historia ya Mrejesho na Vichujio katika Uhandisi

Kidhibiti cha mrejesho ni chombo kinachopima matokeo ya kazi yake, kikayalinganisha na yale yaliyotakiwa, kisha kikatumia tofauti hiyo kuirekebisha kazi yenyewe. Kichujio hupokea ishara iliyochanganyika, kikapitisha sehemu moja na kuzuia nyingine. Katika vyuo vingi vya uhandisi mambo haya hufundishwa kama kozi mbili, mara nyingi na walimu wawili wasiotumia hata alama zilezile za hisabati. Historia haikuyatenga hivyo. Yalikua pamoja, yakatengana, yakakutana tena kompyuta ilipoingia viwandani, na muda wote huo yalisumbuliwa na tatizo moja: kila kinachopima, kinachochuja au kinachokokotoa huchelewa, na rekebisho lililochelewa laweza kuwa baya kuliko kutorekebisha kabisa.

Mashine za kwanza zilizojirekebisha hazikulijua tatizo hilo. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Ktesibios, fundi wa Alexandria nchini Misri, aliiboresha saa ya maji. Saa hiyo ilihesabu muda kwa kiasi cha maji yaliyodondokea chomboni, lakini maji hutoka kwa nguvu mtungi ukijaa na kwa unyonge ukipungua, kwa hiyo muda uliohesabiwa haukulingana. Ktesibios aliweka boya katika mtungi mdogo wa kati. Maji yalipopanda, boya lilipanda nayo na kuziba tundu la kuingizia. Yaliposhuka, tundu likafunguka. Kina kikabaki kilekile na mdondoko ukawa sawa. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, karibu mwaka 850, ndugu watatu wa Banu Musa waliandika huko Baghdad kitabu cha vifaa vya werevu ambamo vali na maboya yamo kwa wingi. Karibu mwaka 1620 Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyeishi Uingereza, alitengeneza tanuri la kuangulia vifaranga lililojipunguzia moto lenyewe: pombe ikipata joto ilitanuka, ikaisukuma zebaki, na zebaki ikainua mkono uliopunguza hewa ya kuuchochea moto.

Vifaa hivyo havikuhitaji hisabati. Maji na joto hubadilika polepole, boya huitikia papo hapo, na hakuna chochote kizito kinachopaswa kusimamishwa kikiwa mwendoni. Mambo yalibadilika mashine zilipopata uzito na kasi.

Wasagaji wa Uingereza walikuwa na shida ya upepo. Ukivuma kwa nguvu, jiwe la kinu huzunguka haraka, huelekea kuinuka, na unga hutoka ovyo. Mwaka 1787 Thomas Mead alipewa hataza ya kifaa chenye mipira ya chuma iliyoning'inia kwenye mhimili unaozunguka. Mwendo ukizidi, mipira hutanuka kwenda nje, na mkono uliounganishwa nayo hurekebisha kinu. Mwaka uliofuata Matthew Boulton alikiona kifaa cha aina hiyo katika kinu cha Albion Mill, London, akamwandikia James Watt, mwenzake katika biashara ya injini za mvuke. Watt akaifanya mipira hiyo iongoze vali ya mvuke. Hakukiombea hataza kwa kuwa wazo halikuwa jipya. Alijaribu tu kulificha kwa muda, jambo gumu kwa kifaa kinachozunguka mbele ya macho ya kila mgeni.

Kidhibiti mwendo cha Watt kilikuwa na kasoro mbili, na karibu kila kilichofuata katika fani hii kilitokana na moja au nyingine.

Kasoro ya kwanza ni kwamba hakikuurudisha mwendo uleule. Mzigo ukiongezeka, injini huhitaji mvuke zaidi. Ili vali ifunguke zaidi, mipira lazima ishuke. Na mipira haiwezi kushuka isipokuwa mwendo umepungua. Kwa hiyo injini iliyolemewa hutulia kwenye mwendo wa chini kidogo kuliko uliokusudiwa, na hubaki hapo. Anayesaga unga huvumilia tofauti hiyo, lakini anayesokota nyuzi za pamba huona nyuzi zikikatika. (Vidhibiti mwendo vilivyolazimishwa kwenye matatu za Kenya tangu mwaka 2004, vyenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ni jamaa wa mbali tu wa kifaa cha Watt: huzuia gari lisivuke kikomo, wala havijitaabishi kuutunza mwendo chini ya hapo.)

Kasoro ya pili ilikuwa ya kutisha zaidi. Injini nyingine zilianza kuyumba: mwendo unapanda, vali inafungwa kupita kiasi, mwendo unaanguka, vali inafunguliwa kupita kiasi, na kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia. Mafundi waliongeza msuguano hapa, wakapunguza uzito wa mipira pale, na mara nyingine ilisaidia. George Biddell Airy, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich, alikutana na tatizo hilo kwenye saa za kuzungushia darubini. Darubini inayoifuata nyota lazima izunguke kinyume cha mzunguko wa dunia kwa mwendo usiotetereka, lakini kidhibiti chake kiliweza kuingia wazimu bila sababu ya wazi. Mwaka 1840 Airy aliichambua hali hiyo kwa milinganyo ya mwendo, na kwa kadiri ijulikanavyo ndiye wa kwanza kuandika kwa hisabati juu ya mrejesho unaokosa uthabiti.

Aliyelipeleka swali mahali pake ni James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti anayejulikana zaidi kwa milinganyo ya umeme na sumaku. Alilifikia kupitia umeme vilevile. Katika majaribio ya kupata kipimo rasmi cha ukinzani, koili ilipaswa kuzungushwa kwa mwendo usiobadilika, na kidhibiti kilitumika kuulinda. Mwaka 1868 alichapisha makala fupi katika jarida la Royal Society ya London. Hakuuliza mashine itafikia mwendo gani. Aliuliza: ikitikiswa kidogo kutoka kwenye mwendo wake, mtikisiko huo utafifia au utakua? Kwa mitikisiko midogo milinganyo huwa rahisi, na kila mfumo hujikuta na mlinganyo mmoja wa aljebra ambao mizizi yake hubeba jibu. Sehemu halisi ya kila mzizi ikiwa hasi, mtikisiko hufifia. Hata mmoja ukiwa na sehemu chanya, mashine itaharibika mapema au baadaye. Maxwell pia alitenganisha vifaa kama cha Watt, vinavyopunguza tofauti tu, na vile vinavyoendelea kusukuma mpaka tofauti iishe kabisa. Kwa hatua hiyo kasoro ya kwanza ilipata maelezo, na pia gharama ya kuiondoa: vifaa vya kundi la pili huyumba kwa urahisi zaidi.

Kwa mlinganyo wa daraja la tatu Maxwell aliweza kutoa masharti yaliyo wazi. Kwa madaraja ya juu alikwama, akaliacha swali kwa wanahisabati. Swali hilo likawa mada ya Tuzo ya Adams ya Cambridge, na aliyeishinda mwaka 1877 alikuwa Edward Routh. Wawili hao walikuwa wamekutana zamani: katika mtihani wa hisabati wa Cambridge wa mwaka 1854 Routh alikuwa wa kwanza na Maxwell wa pili. Routh alitoa jedwali ambalo kwa kuzidisha na kutoa tu humwambia mhandisi kama kuna mzizi mbaya, bila kuutafuta mzizi wenyewe. Adolf Hurwitz alifikia masharti yaleyale kwa njia yake huko Zurich mwaka 1895, alipoulizwa na Aurel Stodola, mhandisi wa mitambo aliyeshughulika na vidhibiti vya mashine za maji, na ndiyo maana vitabu hutaja majina yote mawili kwa pamoja.

Nchini Urusi, Ivan Vyshnegradsky, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi hiyo, alichapisha mwaka 1876 uchambuzi uliowagusa mafundi moja kwa moja. Injini zilizidi kutengenezwa vizuri, zikazidi kuyumba, na hakuna aliyejua kwa nini. Vyshnegradsky alionyesha kwamba msuguano, ambao kila fundi aliuona kuwa adui, ndio uliokuwa ukiituliza mashine. Fundi aliyesugua vyuma mpaka vikateleza aliondoa kinga bila kujua.

Baharini swali lilikuja kwa sura nyingine. Meli kubwa ni nzito. Ikishaanza kugeuka huendelea kugeuka hata usukani ukirudishwa katikati. Nicolas Minorsky, mhandisi Mrusi aliyehamia Marekani, alitazama jinsi mshika usukani mzoefu anavyofanya kazi, na mwaka 1922 akachapisha uchambuzi wa meli zinazojiongoza. Mshika usukani hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Hutazama inapotoka kwa kasi gani, na huanza kurudisha usukani kabla meli haijafika kwenye mstari. Vilevile, upepo ukiisukuma meli upande mmoja siku nzima, huuacha usukani umeelekea kidogo upande wa pili. Minorsky aliyaweka haya kwa hisabati: rekebisho ni jumla ya sehemu tatu, moja inayofuata kosa lililopo, moja inayofuata kosa lililojikusanya tangu awali, na moja inayofuata kasi ya kubadilika kwa kosa. Sehemu ya pili huondoa kasoro ya kwanza ya Watt. Sehemu ya tatu hupambana na kasoro ya pili, kwa sababu kasi ya kosa hueleza leo kosa la baadaye kidogo na hivyo hufidia kuchelewa. Majaribio yalifanywa kwenye manowari ya Marekani USS New Mexico mwaka 1923. Mpango huo wa sehemu tatu ndio unaoendesha sehemu kubwa ya vidhibiti vya viwandani hadi sasa.

Wakati huohuo, bila kuwa na habari za meli wala injini za mvuke, wahandisi wa simu walikuwa wanakaribia mahali palepale. Kampuni za simu zilitaka waya mmoja ubebe mazungumzo mengi. Njia ilikuwa kuyapandisha mazungumzo hayo kwenye masafa tofauti, kisha kuyatenganisha upande wa pili, na kazi ya kutenganisha ilihitaji vichujio. Mwaka 1915 George Campbell wa kampuni ya AT&T na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walibuni kichujio cha koili na kapasita zilizopangwa kwa mfululizo. Huduma ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo Marekani ilifunguliwa mwaka 1918 kati ya Baltimore na Pittsburgh. Baadaye, katika miaka ya 1930, mazungumzo 12 yalipangwa kati ya kilohezi 60 na 108, kila moja likipewa kilohezi nne tu, na vichujio vilipaswa kukata kwa ukali wa ajabu ili jirani wasisikizane.

Waya mrefu hudhoofisha sauti, kwa hiyo njiani ziliwekwa amplifaya za valvu. Simu ya kwanza ya kuvuka Marekani, kutoka New York hadi San Francisco mwaka 1915, isingewezekana bila hizo. Lakini kila amplifaya iliipotosha ishara kidogo, na upotoshaji ulijumlishana. Pakiwa na mazungumzo mengi kwenye waya mmoja, upotoshaji wa hili ulijitokeza ndani ya lile. Harold Black wa maabara za Bell alihangaika na jambo hilo kwa miaka kadhaa. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akielekea kazini Manhattan, alichora suluhisho juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times: rudisha sehemu ya kinachotoka, ukitoe kwenye kinachoingia.

Hesabu yake ni fupi. Amplifaya inayokuza mara 100,000, ikirudishiwa sehemu moja kwa mia ya matokeo yake, hukuza mara 99.9 tu. Hiyo ni hasara kubwa mno, na si ajabu kwamba wengi waliiona kuwa upuuzi. Lakini valvu zikizeeka hata nguvu ya amplifaya ikashuka kuwa mara 50,000, ukuzaji mpya ni mara 99.8. Nusu ya nguvu imepotea na msikilizaji hajui. Upotoshaji nao hupungua kwa kiasi hichohicho. Ofisi ya hataza ya Marekani ilichukua zaidi ya miaka tisa kukubali. Hataza ilitolewa Desemba 1937.

Tatizo la mafundi wa Watt likarudi katika umbo la umeme. Amplifaya za mrejesho zilipiga mluzi, kama inavyotokea mkutanoni kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika. Mwaka 1932 Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi na Black, alieleza sababu bila kutafuta mzizi wowote. Lifuate wimbi la masafa fulani likizunguka njia nzima mara moja. Njiani linachelewa. Likichelewa kwa nusu ya mzunguko wake, kilima hufika mahali pa bonde: kilichokusudiwa kupunguza sasa kinaongeza. Kwa kawaida, likiwa bado halijadhoofika linapofika hapo, kila mzunguko utalikuza. Nyquist alionyesha jinsi ya kuchora nguvu na kuchelewa kwa kila masafa kuwa mstari mmoja uliopinda, na uthabiti ukasomwa kwa kutazama kama mstari huo unaizunguka nukta moja maalumu. Mchoro huo ulieleza hata amplifaya zilizowashangaza wahandisi kwa kutulia pale ambapo kanuni nyepesi ilisema zingepiga mluzi. Manufaa yake makubwa zaidi yalikuwa ya kivitendo: mizizi ya Maxwell ilihitaji milinganyo ya mashine nzima, ilhali mchoro wa Nyquist ulihitaji vipimo vya maabara tu.

Mwenzao Hendrik Bode alikuwa mtu wa vichujio, na hapo ndipo fani mbili zilipoungana. Alithibitisha kwamba katika saketi za kawaida nguvu na kuchelewa haviwezi kuchaguliwa kila kimoja kivyake. Kadiri kichujio kinavyokata masafa kwa mteremko mkali, ndivyo wimbi linavyocheleweshwa. Mhandisi anayetaka kuondoa kelele ndani ya mzunguko wa mrejesho kwa kichujio kikali hulipia kwa uthabiti, na hakuna ufundi wa kukwepa malipo hayo. Unaweza tu kuchagua yalipwe kwenye masafa gani. Kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu saketi na amplifaya za mrejesho kiliwapa wanafunzi michoro ya mistari iliyonyooka ambayo bado huchorwa kwa mkono katika mitihani, pamoja na wazo la akiba: kiasi gani zaidi cha nguvu au cha kuchelewa mfumo unaweza kustahimili kabla haujayumba. Kwa wanaojifunza udhibiti leo, bila shaka hili ndilo wazo moja lenye faida kuliko yote, ingawa vitabu vingi hulifikia katikati ya muhula.

Viwandani mambo yalikwenda kwa mkato zaidi. Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols, wa kampuni ya vifaa ya Taylor huko Rochester, New York, walichapisha kanuni ya kurekebisha vidhibiti isiyohitaji nadharia: ongeza nguvu ya kidhibiti hadi mtambo uanze kuyumba kwa kipimo kisichokua wala kupungua, andika nguvu hiyo na muda wa mzunguko mmoja, kisha tumia nusu ya nguvu hiyo kwa kidhibiti cha sehemu moja, na mafungu mengine yaliyotajwa kwa kidhibiti cha sehemu tatu. Kanuni hiyo hukubali kuyumba zaidi ya kunakopendeza, lakini fundi aliweza kuitumia siku hiyohiyo.

Vita Kuu ya Pili iliwakusanya watu wa meli, wa simu na wa viwanda chini ya paa moja. Mzinga wa kutungulia ndege lazima ulenge mahali ambapo ndege itakuwa risasi ikifika, na vipimo vya rada vina kelele. Norbert Wiener wa chuo cha MIT alilitazama jambo hilo kama swali moja la kuchuja na kutabiri: kadiri unavyozituliza kelele kwa kutumia vipimo vingi vya zamani, ndivyo habari yako inavyochakaa. Rada ilileta pia jambo jipya. Haikuitazama ndege mfululizo. Iliiona kwa vipande, msukumo mmoja baada ya mwingine. Nadharia yote ya Maxwell, Nyquist na Bode ilikuwa ya vitu vinavyotiririka, na sasa kipimo kilikuwa orodha ya namba. Kitabu cha mwaka 1947 kilichokusanya kazi ya maabara ya rada ya MIT kilikuwa na sura ya mwanahisabati Witold Hurewicz kuhusu vichujio na mifumo ya mrejesho inayopokea vipimo kwa vipande. Mwaka 1952 John Ragazzini na Lotfi Zadeh wa chuo kikuu cha Columbia waliipa hisabati hiyo umbo lake la kozi, ambamo herufi z husimama badala ya hatua moja ya muda.

Msingi wake ni huu. Ishara hupimwa kwa vipindi sawa, na kila kipimo huitwa sampuli. Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov wa Urusi mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 walieleza kwa njia tofauti kwamba ishara isiyo na masafa ya juu kuliko kikomo fulani haipotezi chochote ikichukuliwa sampuli kwa kasi inayozidi mara mbili ya kikomo hicho. Kasi ikiwa ndogo, masafa ya juu hujificha katika sura ya masafa ya chini. Umeme wa gridi za Tanzania na Kenya huwa na hezi 50. Mtu akichukua sampuli 60 kwa sekunde, uvumi wa gridi utaonekana kwenye karatasi yake kama wimbi la hezi 10, na hakuna programu itakayoutambua baadaye kuwa ni mgeni.

Sampuli zikiwa 200 kwa sekunde, mambo huwa mepesi. Chukua wastani wa sampuli nne za mwisho. Sampuli nne zinajaza milisekunde 20, yaani mzunguko mmoja kamili wa hezi 50, ambao vilima na mabonde yake hufutana kabisa. Uvumi umeondoka kwa kujumlisha mara tatu na kugawanya mara moja, bila koili wala kapasita. Ada yake ni kwamba miinuko mikali ya ishara yenyewe hupunguzwa makali, na kinachotoka huchelewa kwa sampuli moja na nusu, yaani milisekunde 7.5.

Aina ya pili ya kichujio hutumia matokeo yake yenyewe ya nyuma. Jibu jipya ni sehemu tisa kwa kumi za jibu lililopita, kuongeza sehemu moja kwa kumi ya sampuli mpya. Mstari huo mmoja wa programu hufanya kazi ambayo wastani ungehitaji sampuli nyingi kuifanya. Lakini mtu akikosea akaandika 1.1 mahali pa 0.9, msukumo mdogo utakuwa 1.1, kisha 1.21, kisha 1.331, na hautarudi kamwe. Kichujio kinachojilisha matokeo yake ni mzunguko wa mrejesho, na sharti la Maxwell linakitawala kikamilifu. Tofauti ni kwamba mizizi haitakiwi kuwa hasi, bali ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha 1.

Kwa miaka kadhaa elimu hii ilikosa mashine ya kuitumikia. Mwezi Machi 1959 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Port Arthur, Texas, kilianza kuongozwa na kompyuta ya RW-300. Kompyuta za wakati huo ziliweza kuharibika kila baada ya saa 50 hadi 100 za kazi, kwa hiyo hazikuaminiwa kushika vali. Zilipewa kazi ya kuvishauri na kuvipangia viwango vidhibiti vya zamani. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ya Uingereza iliondoa vidhibiti hivyo katika kiwanda cha magadi cha Fleetwood, ikaiacha kompyuta ya Ferranti Argus ipime vigezo 224 na kuongoza vali 129 moja kwa moja.

Vichujio vya kidijitali vilikua upande wa pili, kwa wanaochunguza sauti na miamba. Maabara za Bell zilitaka kuigiza mitambo ya simu ndani ya kompyuta kabla ya kuijenga, na aliyeweka misingi ya usanifu wa vichujio hivyo huko alikuwa James Kaiser, ambaye mwaka 1957 alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha vidhibiti vya mrejesho. Mbinu aliyoitangaza ya kugeuza kichujio cha koili na kapasita kuwa cha namba ilikuwa ndugu wa ile aliyoitumia Arnold Tustin wa Uingereza kwa mifumo ya udhibiti mwaka 1947. Kaiser alionya pia juu ya jambo ambalo wanafunzi hulijua kwa kuumia: kichujio chembamba cha daraja la juu kikiandikwa kwa mkupuo mmoja, kukadiria vizidishi vyake kidogo tu hutosha kuisukuma mizizi nje ya duara. Dawa ni kukivunja katika vipande vya daraja la pili.

Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kuichambua ishara katika masafa yake. Kwa sampuli 1,024, kazi iliyohitaji hatua zaidi ya milioni moja ilikaribia hatua elfu kumi. Mwaka 1972 Thomas Parks na James McClellan, katika chuo kikuu cha Rice huko Texas, waliandika programu iliyotafuta yenyewe vizidishi bora vya kichujio kisichojilisha, ikitumia mbinu ya Evgeny Remez ya miaka ya 1930. Kutoka hapo usanifu wa vichujio vingi ukawa suala la kuieleza kompyuta unachotaka.

Rudolf Kalman, mwanafunzi wa Ragazzini, aliunganisha fani hizi kwa njia nyingine. Kichujio chake cha mwaka 1960 hubeba ndani yake mfano wa mtambo wenyewe, hukisia hatua ijayo, kisha husahihisha makisio kila kipimo kinapofika. Anayejua jinsi kitu kinavyokwenda hahitaji kusubiri vipimo vingi ili kukiona, na hivyo kuchelewa hupungua. Wahandisi wa NASA walikichukua kwa ajili ya safari za Apollo. Tarehe 25 Mei 1972 kompyuta iliyotengenezwa kwa safari hizo iliruka ndani ya ndege ya F-8, ya kwanza kutegemea udhibiti wa kidijitali bila viunganishi vya kimakanika kati ya mkono wa rubani na mabawa.

Kuchelewa kulijidhihirisha hadharani tarehe 26 Oktoba 1977. Enterprise, chombo cha majaribio cha mpango wa space shuttle, kilikuwa kinatua Edwards, California, bila injini, na rubani Fred Haise alilenga kugusa mahali maalumu kwenye njia. Karibu na ardhi chombo kilianza kuinua na kuinamisha pua, kikagusa, kikaruka tena, kikalalia huku na huku kabla ya kutulia. Rubani mwenyewe alikuwa sehemu ya mzunguko wa mrejesho. Kati ya mkono wake na mwitikio wa chombo palikuwa na muda uliotumiwa na kompyuta, vichujio na mitambo ya kusogeza mabawa. Kila alipoona hakijaitikia alisukuma zaidi, na kila sukumo lilifika mahali pasipo pake. Mwaka 1978 F-8 ileile ilitumiwa kuongeza kuchelewa kwa makusudi ili kupima jinsi marubani wanavyokuhimili wakati wa kutua. Dawa iliyowekwa katika programu ilikuwa kichujio kilichotambua mkono unaopiga huku na huku kwa haraka, kikapunguza nguvu ya amri zake badala ya kuzichelewesha.

Vipande vya silikoni viliondoa kikwazo cha gharama. Mwaka 1978 kichezeo cha Speak & Spell cha Texas Instruments kilitamka maneno kwa kichujio cha kidijitali cha hatua 10, na mwaka 1983 kampuni hiyohiyo ilikuwa inauza kichakataji cha TMS32010, kilichozidisha namba mbili kwa nanosekunde 200. Mashine za kwanza za CD za Philips zilichukua sampuli 44,100 kwa sekunde kutoka kwenye kisahani na kuzijaza kwa kichujio cha kidijitali hadi 176,400. Vitabu vya kozi vilikuwa tayari: cha Oppenheim na Schafer kuhusu ishara mwaka 1975, cha Franklin na Powell kuhusu udhibiti wa kidijitali mwaka 1980. Vyote viwili vinachora duara lilelile.

Kidhibiti kidogo kinachoandikwa leo katika maabara ya chuo huwa na vyote pamoja. Sehemu tatu za Minorsky hukokotolewa kwa kila sampuli. Ile ya kasi hupitishwa katika kichujio kinachojilisha, kwa kuwa kasi ya ishara yenye kelele ni kelele tupu. Nusu ya muda wa sampuli moja huhesabiwa kama kuchelewa katika mchoro wa Bode, kwa sababu amri iliyotolewa hushikiliwa bila kubadilika mpaka sampuli ifuatayo. Mbele ya vyote, kabla namba ya kwanza haijapatikana, hukaa kichujio kimoja kisichoweza kuandikwa kama programu, kwa sababu kazi yake ni kuzuia masafa ya juu yasijifiche kabla hayajachukuliwa sampuli, na hicho bado huunganishwa kwa rizista na kapasita.